Umehamia England: maswali kuhusu daktari, hospitali na malipo

Majibu haya yanahusu England. Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, hasa kwenye malipo.

Nimefika juzi na siumwi. Nianzie wapi?

Jiandikishe sasa kwa daktari wa familia, yule ambaye wenyeji humwita jipii. Usingoje homa ikuangushe. Kwa kawaida huwezi kwenda moja kwa moja kwa bingwa wa moyo au wa mifupa. Jipii ndiye anayekuandikia rufaa. Kujiandikisha na kutibiwa naye ni bure, uwe mwanafunzi, mfanyakazi, mkimbizi au mtu asiye na kibali. Nenda na majina ya dawa unazotumia na kadi za chanjo za watoto.

Mapokezi wamenikataa kwa sababu sina pasipoti wala bili yenye anwani yangu. Wana haki?

Hawana. Wanaweza kukuomba hati, lakini mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, unasema kuzikosa si sababu ya kukukataa, na hali yako ya uhamiaji pia si sababu. Hata asiye na makazi anaweza kuandikishwa kwa kutumia anwani ya kituo chenyewe. Sababu halali ni chache, kwa mfano unaishi nje ya eneo lao au wamefunga orodha ya wagonjwa, na hata hapo wanapaswa kukupa sababu kwa maandishi. Inauma kuona watu wakiambiwa "lete bili" wanaondoka kimya na hawarudi tena. Omba kwa upole hayo maandishi. Wakishikilia msimamo wao, piga simu NHS England, 0300 311 22 33.

Nililipa ada ya afya pamoja na viza. Mbona bado natozwa dawa?

Ada hiyo, pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi na 776 kwa wanafunzi na watoto, inakupa huduma za hospitali kama mkazi. Mkazi naye hulipia dawa alizoandikiwa na daktari, meno na miwani. Tangu Mei 2024 kila dawa ni pauni 9.90. Hawalipi watoto walio chini ya miaka 16, waliofikisha miaka 60, wajawazito wenye cheti cha msamaha na wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa. Kama kipato chako ni kidogo, jaza fomu ya HC1. Ukikubaliwa msaada kamili utapewa cheti cha HC2, na dawa zitakuwa bure.

Sina kibali. Nikienda hospitali itakuwaje?

Hapa ndipo hofu huua, kwa hiyo soma polepole. Kitengo cha dharura ni bure kwa kila mtu. Malipo huanza ukilazwa au ukipelekwa kliniki ya bingwa: asiyehesabiwa mkazi anaweza kutozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS yenyewe huilipa hospitali kwa matibabu hayo. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu hatozwi, na mkimbizi aliyekubaliwa pia hatozwi. Kifua kikuu, VVU, malaria na magonjwa ya zinaa hutibiwa bure bila kujali kibali. Vivyo hivyo madhara ya mateso, ukeketaji na ukatili wa nyumbani, mradi hukusafiri kuja kutafuta matibabu hayo.

Matibabu ya haraka hayaruhusiwi kucheleweshwa kwa ajili ya pesa, ingawa bili inaweza kufuata. Bili hiyo usiifiche kabatini. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kuwekewa mpango, Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kujulishwa. Omba kulipa kidogo kidogo mapema.

Nina mimba na naogopa bili.

Nenda kliniki. Huduma ya uzazi daima huhesabiwa ya haraka, na hairuhusiwi kukataliwa wala kucheleweshwa hata kama huna senti. Shinikizo la damu la mimba halingoji makaratasi. Suala la malipo lishughulikiwe pembeni, ukisaidiwa na mshauri wa masuala ya wahamiaji.

Mtoto akiumwa usiku?

Maisha yakiwa hatarini piga 999. Kwa mengine piga 111, bure, usiku na mchana. Mchana, mfamasia anaweza kumtibu koo au sikio bila miadi.

Kiingereza changu hakitoshi.

Mkalimani ni haki yako na halipiwi na wewe. Usimtumie mwanao: mtoto wa miaka kumi hapaswi kumtafsiria mama yake habari za uvimbe kwenye titi. Unapopanga miadi taja lugha yako, Kiswahili au nyingine, na uombe iandikwe kwenye faili lako ili usianze upya kila mara.