Je, wajua? Ramani iliyoandikwa 1:100 huenda si 1:100

Una ramani ya jengo la stesheni, na unataka kulijenga kwa kadibodi liwe modeli ya kukaa mezani kando ya reli ndogo. Pembeni mwa ramani pameandikwa 1:100. Unaweka rula kwenye ukuta wa mbele, unapata milimita 120, unazidisha kwa 100, jibu ni mita 12. Hesabu haina kosa. Lakini ukuta wenyewe, pale uliposimama, unaweza kuwa na karibu mita 17.

Wengi huamini kwamba skeli, yaani uwiano huo wa mchoro na jengo halisi, ikishaandikwa kwenye mchoro basi mchoro utabaki nayo popote uendako. Namba ile inasema kweli juu ya karatasi moja tu: ile yenye ukubwa ambao mchoraji aliukusudia. Ramani ya karatasi ya A2 ikipunguzwa iingie A3, saizi inayofuata kwa udogo, kila mstari unabaki asilimia 71 ya urefu wake. Maandishi nayo yanapungua, ila bado yanasomeka 1:100, wakati skeli halisi sasa ni kama 1:141. Ramani ya A1 ikiletwa A3 inapungua nusu kamili na kuwa 1:200. Mashine nyingi za fotokopi mitaani, Moshi kama Arusha, huishia A3, kwa hiyo nakala ya ramani kubwa inayopita mikononi mwa watu mara nyingi ni iliyopunguzwa.

Upungufu mdogo ni hatari zaidi kwa sababu hauonekani. Faili likichapishwa huku kompyuta imeagizwa ilibane lienee kwenye karatasi, linaweza kupungua asilimia tatu tu. Jicho halioni kitu. Kwenye jengo la mita 20, hizo ni sentimita 60, yaani sehemu kubwa ya upana wa mlango.

Ndiyo maana wachoraji makini huweka pia skeli ya mstari: kipande cha mstari kilichogawanywa, labda kuonyesha mita 0 hadi 10. Fikiria picha ya kuku aliyesimama kando ya debe. Ikuze kwenye simu, ipunguze, itume kwa mwenzako mwenye kioo kidogo: kuku na debe vinabadilika pamoja, na kama kuku anafika nusu ya debe, atabaki kufika nusu ya debe. Mstari wa skeli ndilo debe la ramani. Unasinyaa na jengo, unakua na jengo.

Kwa hiyo ukiwa na ramani, amini kwanza vipimo vilivyoandikwa kwenye kuta na milango. Vikikosekana, tumia skeli ya mstari. Namba ya 1:100 iwe ya mwisho. Michoro mingi ya ujenzi hata huandikwa onyo kwamba fundi asipime kwa rula, afuate vipimo vilivyoandikwa.

Kuna mtego mwingine kwa anayependa majengo ya zamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 wakati wa Wajerumani, ikafika Arusha mwaka 1929 wakati wa Waingereza. Wajerumani walipima kwa mita, Waingereza kwa futi na inchi. Skeli iliyozoeleka ya Kiingereza, moja ya nane ya inchi kwa kila futi, ni sawa na 1:96. Inafanana mno na 1:100, na hapo ndipo watu huteleza: ukuta wa mita 24 kwenye mchoro wa 1:96 una milimita 250, na ukiusoma kwa rula ya 1:100 utapata mita 25. Mita nzima imezaliwa hewani.

Hata karatasi yenyewe hutembea. Nakala za zamani za rangi ya bluu, kwa njia iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, zilioshwa kwa maji kisha zikakaushwa, na karatasi iliyolowa haikauki ikarudi vilevile. Isitoshe, karatasi hutanuka zaidi kukatiza nyuzi zake kuliko kuzifuata, hivyo urefu na upana wa mchoro mmoja vinaweza kutofautiana skeli. Si kila nakala huharibika kiasi cha kuonekana. Lakini kwa mchoro mkongwe, pima kitu kimoja unachokijua kwa kila upande. Kwa stesheni za Moshi na Arusha, jengo lenyewe linaweza kuwa shahidi: omba ruhusa, chukua futi kamba, pima mlango mmoja na nafasi ya dirisha hadi dirisha.

Sasa tuingie kwenye modeli. Skeli inayotumika zaidi duniani kwa treni ndogo ni HO, yaani 1:87. Mtu huona 87 ni ndogo kuliko 100, akaupunguza mchoro. Kinyume chake: kugawanya kwa 87 kunatoa kitu kikubwa kuliko kugawanya kwa 100, hivyo mchoro wa 1:100 hukuzwa hadi asilimia 115. Ule wa 1:50 ndio unaopunguzwa, hadi kama asilimia 57. Njia salama haihitaji hata kujua skeli ya nakala yako. Mita 10 katika 1:87 ni milimita 115. Pima mstari wa skeli kwenye nakala. Ikiwa mita 10 zina milimita 71, gawanya 115 kwa 71, mwambie mwenye mashine aweke asilimia 162. Kinachotoka kinabandikwa moja kwa moja juu ya kadibodi na kukatwa.

Nakala ikishakaa sawa, unene ndio unaoanza kusumbua, nami hapa ndipo kazi hii inaponivutia zaidi. Ukuta wa tofali la inchi sita unakuwa milimita 1.75, na kadibodi nene inatosha. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 24. Bati ndilo gumu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1, na katika 1:87 hiyo ni sawa na bati la karibu milimita tisa, wakati bati halisi la nyumba halifiki hata milimita moja. Hakuna karatasi ya dukani itakayofika huko. Wajenzi hukwangua kwa msasa ukingo wa paa tu, kwa upande wa chini, kwa sababu ukingo ndio sehemu pekee ambapo unene wa bati huonekana.