Bugali peke yake unatosha? Maswali na majibu kuhusu namna mahitaji ya asidi amino yanavyopimwa

Hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu huko Kongo, siku za kupima watoto uzito, wamama huniuliza jambo moja kwa namna nyingi: mtoto anashiba bugali kila siku, mbona hakui? Huwa najibu kwamba kushiba ni jambo moja na kujengwa mwili ni jambo lingine. Siku moja mama mmoja akanibana: "Munganga (yaani daktari), hao wanaosema mwili unahitaji kiasi fulani, walikipimia wapi?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Nimeliandika sasa, pamoja na maswali yaliyofuata.

Asidi amino ni nini, na kwa nini nyingine zinaitwa za lazima?

Fikiri protini kuwa ushanga uliotungwa kwenye uzi kwa mpango maalum. Kila punje ni asidi amino, na kuna aina 20. Mtu mzima mwenye afya hujitengenezea 11. Zile 9 zilizobaki lazima zitoke kwenye chakula: lisini, lusini, isolusini, valini, threonini, methionini, fenilalanini, triptofani na histidini.

Mwili una ghala la mafuta, lakini hauna ghala la asidi amino. Punje za rangi moja, tuseme nyekundu, zikiisha, kutunga kunasimama hapo hapo, hata kama nyeupe zimejaa kikapu. Zile nyeupe zinachomwa kama kuni: nitrojeni, ambayo imo ndani ya kila asidi amino, inatoka kwa mkojo, kaboni yake inatoka kwa pumzi. Kumbuka mkojo na pumzi, maana upimaji wote ninaoueleza hapa unapita humo.

Nani alianza kuwapima watu?

William Rose, wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1935 yeye na wenzake walitangaza kugundua threonini. Katika miaka ya 1940 alianza kuwapima vijana wa kiume, wanafunzi wa chuo. Hawakula nyama, maharagi wala maziwa. Walipewa wanga wa mahindi, sukari, mafuta, vitamini na madini, na badala ya protini wakapewa mchanganyiko wa asidi amino zilizopimwa moja moja.

Kisha akawa anaondoa moja. Ikiwa ni ya lazima, ndani ya siku chache nitrojeni inayotoka inazidi ile inayoingia: mwili umeanza kujila. Vijana walikosa hamu ya kula, wakachoka sana, wakawa na hasira za haraka. Ikirudishwa, wanapona. Halafu alipunguza kiasi kidogo kidogo hadi pale ambapo mizani ya nitrojeni inayoingia na inayotoka inakaribia kuanguka. Kwa lisini alipata gramu 0.8 kwa siku, naye akashauri watu wale mara mbili ya hapo kwa usalama.

Histidini ilimponyoka. Tofauti na zile nyingine, hii ina akiba kidogo ndani ya misuli na damu ya mtu mzima, kwa hiyo majaribio ya siku chache hayakuonyesha upungufu. Ilithibitishwa kuwa ya lazima kwa watu wazima katika miaka ya 1970.

Kama alipima vizuri hivyo, kosa liko wapi?

Liko kwenye hesabu ya kuingia na kutoka. Chakula kilichobaki kwenye sahani au kwenye kijiko huhesabiwa kana kwamba kimeliwa. Jasho, nywele, kucha na ngozi inayopukutika ni vigumu kuvikusanya vyote. Angalia vizuri: makosa hayo mawili yanaelekea upande mmoja. Yote yanaufanya mwili uonekane umebakiza nitrojeni nyingi kuliko ukweli, na hivyo mahitaji yanaonekana madogo. Juu ya hayo, wale vijana walipewa chakula cha nguvu kingi mno, na mtu mwenye nguvu za kuzidi hutumia protini yake kwa uangalifu zaidi. Mkulima wa Kabare, karibu na Bukavu, anayepanda mlima na jembe hayuko katika hali hiyo.

Ripoti ya kimataifa ya mwaka 1985 ilitumia vipimo vya namna hii, ikaweka lisini kwa mtu mzima kuwa miligramu 12 kwa kila kilo ya uzito.

Na pumzi inatumikaje?

Hapa ndipo kazi nzuri ilipofanyika, kwa maoni yangu. Vernon Young na wenzake huko Massachusetts walitumia kaboni 13, ambayo ni nzito kidogo kuliko kaboni ya kawaida. Unaiweka ndani ya asidi amino, mtu anaila, kisha unakusanya pumzi yake na kupima ni kiasi gani cha kaboni hiyo kimetoka. Kilichotoka kimechomwa.

Watafiti wa Kanada, akina Paul Pencharz na Ron Ball, walichukua njia iliyokuwa imejaribiwa kwa nguruwe wadogo wakaileta kwa watu. Tuseme tunatafuta kiasi cha lisini. Wao hawaweki alama, yaani ile kaboni 13, kwenye lisini. Wanaiweka kwenye punje nyingine, fenilalanini, ambayo kiasi chake hakibadilishwi. Mtu anakula milo midogo kila saa. Lisini ikiwa kidogo, ushanga hautungwi, na fenilalanini inachomwa kwa wingi, kwa hiyo pumzi imejaa alama. Siku nyingine anaongezewa lisini, na alama inapungua. Anaongezewa tena, inapungua tena. Inafika mahali ukiongeza lisini alama haishuki zaidi. Pale mstari unapopinda ndipo penye hitaji la mtu huyo.

Kila kipimo huchukua saa chache badala ya siku nyingi, na hakuna haja ya kumfikisha mtu kwenye udhaifu. Ndiyo maana hata watoto wamepimwa hivyo.

Hiyo kaboni nzito haina mionzi?

Haina. Katika kila atomu 100 za kaboni duniani, karibu 1 ni ya aina hiyo. Iko kwenye bugali uliokula jana.

Walipata namba gani, na inabadilisha nini kwenye sahani yetu?

Ripoti ya mwaka 2007 ya Shirika la Afya Duniani, FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliweka wastani wa lisini kwa mtu mzima kuwa miligramu 30 kwa kilo. Kutoka 12 hadi 30.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 anakula gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku. Ndani yake kuna protini gramu 32 hivi, na lisini karibu miligramu 900. Kwa namba ya zamani alihitaji 720, kwa hiyo ungemwambia bugali umemtosha. Kwa namba ya sasa anahitaji 1,800: amepata nusu tu. Mtu ni yule yule, sahani ni ile ile. Mama aliyeniuliza walipimia wapi alikuwa amegusa penyewe.

Ongeza gramu 100 za maharagi, yakipimwa yakiwa makavu kabla ya kupikwa. Yanaleta lisini karibu miligramu 1,400, na pengo limezibwa. Mahindi nayo yanayasaidia maharagi kwa methionini, ambayo maharagi yanayo kidogo. Kwa bugali wa mihogo hali ni ngumu zaidi: gramu 400 za unga wake hazifikishi hata gramu 10 za protini. Mwenye kula mihogo asiikose sombe (majani ya mihogo), iliyotwangwa na kupikwa muda mrefu ili sumu yake itoke, wala asikose samaki au maharagi.

Walipimwa Wazungu tu?

Hapana. Huko Bangalore, India, Anura Kurpad na wenzake waliwapima wanaume wenye afya wakapata karibu miligramu 30 za lisini kwa kilo vilevile. Walipowapima wanaume waliokonda kwa lishe duni ya muda mrefu, walipata karibu 44. Kwa hiyo mwenye njaa ya siku nyingi anaweza kuhitaji zaidi, siyo pungufu.

Basi bwaki (kwashiorkor) ni ukosefu wa lisini?

Usiichukue hivyo. Bwaki huja na lishe duni kwa ujumla pamoja na maambukizi, na asidi amino moja haiwezi kuieleza. Mtoto akivimba miguu, nywele zikabadilika rangi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimsubirishe kwa uji.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, kilo 10. Nimpe nini?

Mtoto anakua, kwa hiyo kwa kila kilo anahitaji zaidi yako: kati ya mwaka 1 na 2 ni miligramu 45, yaani 450 kwa siku kwa huyo wako. Gramu 10 tu za sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokauka vizuri, ukizisaga na vichwa vyake na kuzikoroga ndani ya uji, zinakaribia kumpa kiasi hicho chote. Ukikosa sambaza, chukua gramu 35 za maharagi makavu, uyapike yaive kabisa, uyaponde na kuondoa maganda. Na kama bado ananyonya, usimwachishe.