Mwaka wa mpito: maana yake na jinsi shule inavyoupanga

Mwaka wa mpito ni mwaka mmoja kamili wa masomo ambao shule za sekondari za Ayalandi huuweka kati ya ngazi ya chini, inayochukua miaka 3, na ngazi ya juu, inayochukua miaka 2 na kuishia kwenye mtihani wa kumaliza sekondari uitwao Leaving Certificate. Mwanafunzi huuingia akiwa na umri wa miaka 15 au 16. Kwa lugha ya Kiayalandi mwaka huo huitwa Idirbhliain, neno lililoundwa kwa idir, yaani “kati ya”, na bliain, yaani “mwaka”. Hauna mtihani wa taifa, wala hauna silabasi moja inayofuatwa na nchi nzima. Kila shule hujiandikia programu yake yenyewe kwa kuongozwa na Idara ya Elimu.

Kwa sababu hiyo, neno “kupanga” lina uzito wa pekee hapa. Katika miaka mingine ya sekondari mwalimu anayeanza muhula hukuta silabasi imekwisha kuandikwa, vitabu vimekwisha kuchaguliwa na mtihani unajulikana utakuja lini. Katika mwaka wa mpito hukuta siku za masomo zipatazo 167 ambazo hakuna aliyezijaza. Kuchora ratiba ya kuzijaza si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujibu swali linalotangulia ratiba: mwanafunzi huyu atoke na nini Mei ambacho hakuwa nacho Septemba? Shule isiyojibu swali hilo kwa maandishi hujikuta imewapa vijana ama likizo ndefu yenye safari nyingi, ama mwaka wa ziada wa kukariri.

Asili ya wazo lenyewe husaidia kuelewa kwa nini jambo hili ni zito. Mwaka wa mpito ulianzishwa mwaka 1974 na Richard Burke, aliyekuwa Waziri wa Elimu, ambaye aliona wanafunzi wakikimbizwa kutoka mtihani mmoja hadi mwingine bila kupata nafasi ya kujitazama na kukomaa. Mwanzo ulikuwa mdogo sana, wa shule 3 tu. Kwa takriban miaka 20 programu ilibaki ya shule chache, hadi mwaka 1994 ilipofunguliwa kwa shule za sekondari kwa jumla na mwongozo rasmi ukatolewa. Leo shule nyingi sana huitoa. Baadhi zimeifanya ya lazima, na nyingine humwachia mwanafunzi achague, au humwita kwa mahojiano kabla ya kumpa nafasi. Presha aliyoizungumzia Burke haijaondoka. Nafasi za chuo kikuu bado hugawiwa kwa pointi zinazohesabiwa kutoka katika masomo 6 ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi katika Leaving Certificate, na kiwango cha juu kabisa ni pointi 625. Mzazi anayejua hesabu hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe “apoteze” mwaka, na mpango mzuri ndio jibu pekee la kweli ambalo shule inaweza kumpa.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote hutokana na pointi hizo. Mwongozo wa mwaka 1994 ulisema waziwazi kwamba mwaka wa mpito si sehemu ya Leaving Certificate, na kwamba usitumiwe kuigeuza programu ya miaka 2 kuwa ya miaka 3. Haukusema kwamba masomo yawe mepesi. Ulitaka kwamba, pale mada ya ngazi ya juu inapochaguliwa, ifundishwe kwa njia tofauti kabisa na ile itakayotumika baadaye. Tofauti hiyo huonekana darasani. Mwalimu wa hisabati anayeanza sura ya kwanza ya kitabu cha ngazi ya juu amekwisha kuuvunja mwongozo, hata kama wanafunzi wake wanafanya bidii. Anayewaambia wanafunzi hao watafute wenyewe bei za usafiri, malazi na chakula cha safari ya darasa zima, watengeneze bajeti na kuitetea mbele ya mwalimu mkuu, anafundisha asilimia, makadirio na hoja kwa wakati mmoja, na hesabu ikikosewa itajulikana siku ya kulipa nauli.

Walimu wanaoandika programu hizi wamezoea kuifikiria kwa matabaka manne. La kwanza ni masomo ya msingi yanayoendelea mwaka mzima, kama vile Kiayalandi, Kiingereza, hisabati na michezo. La pili ni la kuonja masomo: mwanafunzi husoma kwa wiki kadhaa masomo ambayo huenda akayachagua katika ngazi ya juu, ili siku ya kuchagua asikisie. La tatu ni kozi zilizobuniwa kwa ajili ya mwaka huu tu, ambazo hazipo kwingineko shuleni. Inaweza kuwa biashara ndogo inayoendeshwa na wanafunzi, huduma ya kwanza, utengenezaji wa filamu fupi au lugha mpya kabisa. La nne ni matukio ya kalenda: safari, wageni wanaokuja kuzungumza, mchezo wa jukwaani, wiki za kazi. Tamko jipya la programu lililotolewa mwaka 2024, na kuanza kutumika Septemba 2025, limeelekeza macho kwa mwanafunzi mwenyewe, likitaja ukuaji wake binafsi, uwezo wake wa kujifunza, ushiriki wake katika jamii na uchunguzi wake wa kazi za baadaye. Kwa maoni yangu haya mawili hayapingani. Matabaka yanaeleza siku zitajazwa na nini. Tamko linaeleza zinajazwa kwa ajili gani.

Tabaka la kalenda ndilo linalopendwa zaidi na wanafunzi, na ndilo linaloharibu mipango mingi. Kila safari humnyang’anya mwalimu fulani vipindi vyake, na ikiwa safari zote zinaangukia Ijumaa, basi mwalimu wa Ijumaa hana darasa tena. Mratibu makini huandika matukio yote makubwa kwenye kalenda moja kabla muhula haujaanza, huwaonyesha walimu wote, na hukubali kufuta yale yasiyo na sababu.

Uzoefu wa kazi unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana hapa mpango hupimwa. Shule zina njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutenga siku moja kila wiki kwa kipindi fulani, tuseme kila Jumatano, mwanafunzi akaenda mahali pa kazi siku hiyo badala ya shuleni. Ya pili ni kutenga wiki moja au mbili mfululizo. Njia ya siku moja humpa mwanafunzi muda wa kutafakari kati ya Jumatano na Jumatano, lakini wenyeji wake humsahau kila wiki na kumpa kazi zilezile za kupanga mafaili. Njia ya wiki mfululizo humfanya azoeleke na aaminiwe, lakini akipangiwa mahali pasipofaa, wiki imekwenda. Hakuna iliyo sahihi kwa shule zote. Panapokuwa na basi moja tu kwa siku, kwa mfano, usafiri ndio utakaoamua.

Maandalizi yake nayo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwajiri hutaka kuthibitishiwa bima. Mwanafunzi anayetaka kwenda shule ya chekechea au makao ya wazee huhitaji kuchunguzwa na polisi wa nchi hiyo, Garda, na uchunguzi huo haufanywi kwa aliye chini ya miaka 16. Mwenye miaka 15 lazima atafutiwe mahali pengine au asubiri hadi siku yake ya kuzaliwa ipite. Mratibu anayeligundua jambo hili Januari huwa amechelewa.

Tuchukue msichana anayependa wanyama na ambaye tangu utotoni amesema atakuwa daktari wa mifugo. Anapelekwa kliniki ya mifugo kwa wiki mbili. Siku ya tatu anashuhudia mbwa mzee akidungwa sindano ya mwisho huku mwenye mbwa akilia, na jioni anaandika kwenye shajara yake kwamba hakuogopa damu bali alishindwa kumtazama yule mama usoni. Bila shajara na bila mwalimu wa kuisoma, wiki hizo zingebaki kuwa kumbukumbu ya huzuni. Mwalimu akiisoma na kumuuliza alitamani kumwambia nini mama yule, mazungumzo ya dakika kumi yanaweza kumfundisha kuhusu nafsi yake jambo ambalo vipimo vingi vya ushauri wa kazi visingelifikia. Ndiyo maana programu nzuri hutenga vipindi vya kurejea uzoefu huo baada ya wanafunzi kurudi, na kuvilinda visiliwe na shughuli nyingine.

Kukosekana kwa mtihani wa taifa hakumaanishi kukosekana kwa tathmini. Shule nyingi humtaka mwanafunzi akusanye kazi zake katika mkoba: insha, picha za kitu alichokitengeneza, ripoti ya mwajiri, kurasa za shajara, hata kazi iliyoshindikana. Mwishoni mwa mwaka huketi na mwalimu au jopo dogo, akachagua kitu kimoja mkobani na kukieleza kwa mdomo. Masharti ya tathmini hiyo sharti yajulikane Septemba. Yakitangazwa Aprili, wanafunzi watajaza mkoba kwa usiku mmoja, na hawatakuwa na kosa.

Lipo pia suala la ada, ambalo naliona limekuwa likitajwa kwa sauti ya chini mno. Safari na kozi za nje hugharimu, na shule nyingi huwatoza wazazi kwa ajili ya mwaka huu. Pale ada inapokuwa kubwa, chaguo la hiari huwa hiari ya wenye uwezo, na mwanafunzi mwenye kuhitaji zaidi mwaka wa kukomaa ndiye anayeukosa. Kila tukio linapoandikwa kwenye kalenda, bei yake iandikwe kando yake, na jumla itazamwe kabla wazazi hawajaitwa kwenye mkutano. Mara nyingi itaonekana kwamba ukarabati wa bustani ya makao ya wazee yaliyo jirani, kazi isiyogharimu karibu chochote, unafundisha ushirikiano kuliko siku mbili za kuning’inia kwenye kamba katika kituo cha michezo.

Mratibu hawezi kuyabeba haya peke yake, hata akiwa hodari. Mwongozo wa awali ulipendekeza timu ya walimu wachache inayopewa muda wa kukutana, na programu iliyoandikwa ambayo hupitiwa upya kila mwaka kwa kuwahusisha walimu, wanafunzi, wazazi na waajiri. Mapitio hayo hufanywa vizuri zaidi Mei, wakati wanafunzi bado wapo na bado wanakumbuka ni wiki zipi walikaa bure.