Ardhi Tupu ya Jangwani Haijafa

Wasafiri wengi huamini kwamba jangwani unaweza kukanyaga popote, maana hakuna majani wala maua ya kuharibu. Si kweli. Inama utazame kwa karibu: ule udongo mweusi wenye vinundu vidogo vidogo, mgumu kama ukoko wa chungu, ni viumbe hai. Ndani yake mna sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambao udongo ukilowa hupenya kati ya chembe za mchanga na kuacha nyuzi zinazonata. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika udongo usipeperushwe na upepo. Baadhi yao hunasa pia naitrojeni ya hewani, ambayo mimea michache iliyopo huihitaji mno.

Hatua moja ya kiatu inatosha kuuvunja ukoko huo, hasa ukiwa mkavu, na kupona kwake huweza kuchukua makumi ya miaka. Magurudumu ya gari huharibu zaidi.

Kwa hiyo fuata njia iliyokwishakanyagwa. Isipokuwepo, pita juu ya mwamba au kwenye mchanga wa mkondo mkavu (si wakati wa mvua, kwani mikondo hiyo hufurika ghafla). Hema nalo lipige juu ya mwamba.