Je, wajua kwa nini "sita" hugeuka "tisa" kwenye simu?

Muuza omena wa Nakuru anampigia msambazaji wake aliye soko la Kibuye, Kisumu: "Nitumie magunia sita." Anajibiwa, "Sawa, mama." Yanashuka tisa. Hakuna aliyedanganya, na simu haikukatika.

Pumzi ya mapafu hutikisa nyuzi za sauti kooni, kisha ulimi, meno na midomo huichonga iwe maneno. Hewa huyabeba hadi kwenye simu, na hapo ndipo njia inapobana. Simu ya kawaida hupitisha sauti za mitetemo takriban 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Irabu zinapita vizuri. Lakini "s" ni hewa inayobanwa kati ya ulimi na meno, na nguvu yake nyingi iko juu ya mitetemo 4,000, kwa hiyo inaachwa nje. "T" nayo ni mlipuko mfupi tu. Makanga mmoja akiita abiria, imemezwa. Kinachomfikia msikilizaji ni "i" na "a", na maneno yote mawili yana irabu hizo hizo, kwa mpangilio huo huo. Kupayuka hakusaidii: anayepayuka huongeza nguvu ya irabu kuliko ya konsonanti.

Kwa kawaida Kiswahili hujikinga. Sema "magunia yangu makubwa mawili yamefika" na wingi umetajwa mara tano. Neno moja likipotea, yaliyobaki yanalifidia. Claude Shannon, Mmarekani aliyechapisha nadharia ya hesabu ya mawasiliano mwaka 1948, alionyesha kwamba ziada ya namna hii ndiyo inayouvusha ujumbe kwenye kelele. Sasa tazama bahati mbaya: tunasema magunia mawili, matano, manane, ila sita na tisa hazichukui kiambishi chochote. Zinasafiri bila kinga.

Pengo linalobaki hujazwa na ubongo kwa kukisia. Kuandaa neno moja kichwani huchukua kama milisekunde 600, ilhali utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita wastani wa milisekunde 200 hivi. Yaani msikilizaji anaandaa jibu kabla hujafika mwisho wa sentensi. Kama mama huyu huagiza tisa kila wiki, leo pia itasikika tisa.

Ndiyo maana "sawa" ni jibu hafifu: linathibitisha kwamba sauti imefika, si kwamba idadi imeeleweka. Anayepokea oda airudie yote: "Magunia sita, ya omena, kwa gari la asubuhi." Anayeagiza aseme "sita, ile inayofuata tano", polepole, kisha anyamaze asikilize. M-Pesa hufanya hivyo hivyo inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka.

Ujumbe mfupi wenye tarakimu 6 unamaliza utata wa idadi, lakini unapoteza kiimbo. Kwa mdomo, "yamefika" na "yamefika?" hutenganishwa na sauti tu. Mama akiandika "Magunia yamefika" akasahau alama ya kuuliza, msambazaji atajibu "Asante", na mzigo bado uko stendi.