Mpe mpira wa kunyonya vumbi mkono wake

Karakana kadhaa za fenicha hapa Dar es Salaam, kuanzia Keko hadi Buguruni, siku hizi zina mashine ya kunyonya vumbi. Ni hatua njema. Lakini sisi tunaozungukia karakana kwa kazi ya usalama mara nyingi tunaikuta imezimwa, mpira wake umetupwa pembeni, na fundi anapiga msasa huku vumbi likimwingia puani. Ukimuuliza, sababu anazotoa ni za kweli: mpira unamvuta mkono, unakwama kwenye ukingo wa meza, unakwaruza kabati lililokwisha pigwa vanishi, na waya unamtega miguuni.

Fundi huyo si mzembe. Kilichokosekana ni mkono wa chuma wa kuubeba mpira na waya kutoka juu.

Vumbi linaloanguka sakafuni si lile baya zaidi. Chembe zisizoonekana kwa macho huelea hewani kwa saa nyingi na kufika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya pua. Vumbi la mvule, mbao inayopendwa sana hapa kwetu, linaweza pia kuleta pumu.

Mkono wenyewe mchomeleaji yeyote wa mtaani anauweza. Skwea paipu nyepesi ya mita 1.5 hivi inatosha meza ya kawaida. Iwekwe kwenye bawaba nzito ili izunguke kama geti, ncha yake ifike juu ya katikati ya meza, na iwe juu ya kichwa cha mtu mrefu: mita 2.2 kutoka sakafuni ni kipimo kizuri. Hapa nasisitiza: usiufunge kwenye bati wala kwenye ubao wa kuzibia ukuta. Funga kwenye nguzo au kwenye zege. Uzito ulio nchani huing'oa bolti ya juu kidogo kidogo, kwa hiyo weka pia kitegemeo cha mshazari kutoka nguzoni hadi katikati ya mkono, nacho kiwe na bawaba nguzoni ili kizunguke pamoja na mkono. Hakikisha hauzungukii kwenye feni. Upake rangi, maana hewa ya pwani haisamehe chuma.

Mpira na waya vifungwe pamoja kwa vitambaa vya kunata kila baada ya nusu mita, bila kukazwa. Mpira ndio uning'inizwe kwa ndoano kwenye mkono, na waya uufuate. Waya usibebe uzito wowote. Karibu na mashine ya msasa acha kitanzi kilicholegea ili plagi na maungio visivutwe. Mpira ukipinda kwa kona kali, au ukiwa mrefu kupita mahitaji, nguvu ya kunyonya hupungua, na fundi atasema mashine haifai kitu. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjuliwe yote. Ikibaki imeviringwa huku inavuta umeme mwingi hupata moto, na pale pana vumbi la mbao.

Kisha jaribu. Shika mashine ya msasa, ifikishe kila pembe ya meza na uso wa mlango uliosimamishwa. Ukihisi mpira unakuvuta popote, ongeza ulegevu au sogeza ndoano. Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine ya msasa kabla ya kuondoka mezani, kwa sababu umeme ukirudi ghafla mashine itaanza kuzunguka yenyewe.

Barakoa ya kuchuja vumbi bado inahitajika. Ya kitambaa haizuii chembe hizo ndogo. Na kupuliza meza kwa kompresa jioni hurudisha hewani vumbi lote mlilolikamata mchana. Nyonyeni, au futeni kwa kitambaa chenye maji.

Gharama ya mkono huu ni ya mwenye karakana, haikatwi kwenye ujira wa fundi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake kazini.