Si kila kupeana mikono ni maridhiano ya kitaasisi

Marais wawili waliokuwa hawasalimiani wakipigwa picha wanacheka, haipiti siku utasikia mchambuzi akiyaita "maridhiano ya kitaasisi". Neno linapendeza, ila si mahali pake.

Maridhiano ya kitaasisi ni pale mataifa yaliyokuwa mahasimu yanapounda vyombo rasmi, vyenye kanuni, ratiba na watumishi, ili uhusiano wao usitegemee nani yuko madarakani. Basi. Shida ni kudhani kwamba urafiki hutangulia, kisha taasisi huja kuugongea mhuri.

Ufaransa na Ujerumani hazikuanza na urafiki. Mei 9, 1950, miaka mitano tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo viwekwe chini ya mamlaka moja. Hoja yenyewe ilikuwa kavu: mizinga ni chuma, na chuma huyeyushwa kwa makaa, hivyo ukivisimamia pamoja na jirani huwezi kujiandaa kumpiga bila yeye kujua. Nchi sita zilisaini mkataba Paris mwaka 1951. Mwaka uliofuata Mamlaka Kuu, chombo cha kusimamia makaa na chuma hicho, ikaanza kazi Luxembourg, na maamuzi yake yalizibana serikali zenyewe.

Januari 22, 1963 ukafuata Mkataba wa Élysée kati ya Ufaransa na Ujerumani Magharibi. Watu hukumbuka Rais de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi walivyokumbatiana. Mimi huona utamu uko kwenye ratiba. Wakuu wakutane angalau mara mbili kwa mwaka, mawaziri wa mambo ya nje kila miezi mitatu. Oktoba mwaka huohuo Adenauer akaondoka madarakani, na mrithi wake, Ludwig Erhard, hakupikika chungu kimoja na de Gaulle. Vikao vikaendelea vivyo hivyo, kwa kuwa mkataba haukuuliza kama wanapendana. Huku nyuma, Ofisi ya Vijana iliyozaliwa na mkataba huo ikawa inawavusha vijana wa nchi hizo kwenda kujuana.

Hata ile picha maarufu ya Verdun, uwanja wa mapigano wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Rais Mitterrand wa Ufaransa na Kansela Kohl wa Ujerumani Magharibi wakiwa wameshikana mikono, ni ya mwaka 1984, miaka 21 baada ya Élysée. Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, viongozi wakicheka mbele ya kamera sema tu wamepatana. Hilo "kitaasisi" liache kwanza hadi uonyeshwe tarehe ya kikao kijacho, na nani analazimika kuhudhuria hata akiwa amenuna.